Coletha Akimana, Mtwa wa Nyarusange (1970–2014)

Wapendwa, mimi ni Fabien, shemeji wa marehemu. Aliniachia agizo niusome wasifu huu wote, nisiruke mstari.

Coletha Akimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 huko Nyarusange, mkoa wa Gitega, Burundi, mtoto wa tatu wa mzee Gosbert na mama Nimbona, wafinyanzi wa vyungu. Walikuwa Watwa, wenyeji wa kwanza wa nchi yetu. Ndiyo, mmesikia vizuri. Hapa kanisani tuliwaambia kuwa ni yatima aliyelelewa na shangazi yetu. Ulikuwa uongo, na niliutunga mimi.

Shule alisoma miaka mitatu tu. Wenzake hawakutaka kukaa dawati moja na Mtwa, akachoka, akarudi kufinyanga. Kazi hiyo haikumtoka mkononi: hata hapa Durban, katika duka moja mtaa wa Overport, aligonga kila chungu cha maua kwa kidole, akimwambia muuzaji kipi kitapasuka kabla ya Krismasi. Muuzaji alikuwa akimwogopa kidogo.

Aliolewa na kaka yangu Salvator tarehe 8 Agosti 1992. Siku ya arusi baba yetu alikataa kutia mrija wake katika mtungi mmoja wa pombe na wazazi wa Coletha, kwa kuwa ni Watwa. Coletha aliona. Mwaka 1996 walikimbilia kambini Kasulu, Tanzania, na Juni 2008 wakafika hapa Durban, Afrika Kusini, wakapanga chumba kimoja mtaa wa Point. Alisuka nywele katika saluni ya Greyville, na wateja walimpenda kwa mkono wake mwepesi.

Februari 2012 alihisi uvimbe titi la kushoto. Nilimpeleka hospitali mimi, kwa kuwa ndimi niliyejua Kiingereza. Tulipokelewa na kijana anayejifunza udaktari, mpole, ila aliniuliza mimi na kunitazama mimi, utadhani mgonjwa ni mimi. Alitaka kujua watu wa mama huyu ni akina nani, na wana magonjwa gani. Coletha akanijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ni Mtwa, na kwamba mama yake na mama wadogo wawili, wote walikufa kwa ugonjwa wa titi. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi nje walikaa watu wawili wa kanisa hili. Nikamwambia daktari kwamba mama huyu hana ndugu. Akaandika hivyo. Tukaambiwa turudi baada ya miezi sita.

Agosti tuliporudi, uvimbe ulikuwa umeshafika kwapani. Safari hii alikuwa mwanafunzi mwingine, dada wa Kizulu. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Coletha, akaniambia nimuulize mgonjwa anataka nani abaki chumbani. Ikabidi swali hilo nilitafsiri mimi mwenyewe.

“Wewe utoke, shemeji,” Coletha akasema.

Akaitwa Marie, Mkongomani aliyefanya usafi pale, awatafsirie. Nilikaa nje karibu saa nzima. Kwenye teksi ya kurudi Coletha aliniambia alichosomewa kwenye faili la Februari, kwamba hana mtu.

“Mama yangu nilikuwa naye, Fabien. Ungemtaja.”



Alikatwa titi, akapewa dawa kwa miaka miwili. Alifariki Alhamisi, tarehe 21 Agosti 2014, saa nne asubuhi, Salvator akiwa amemshika mkono. Kama miezi ile sita ingemwokoa, sijui. Kuwauliza madaktari naogopa.

Ameacha mume, Salvator. Kaka yake Bizimana na dada yake Antoinette, wanaofinyanga Nyarusange mpaka sasa. Na mabinti wawili, Estella wa miaka ishirini na Bernadette wa kumi na saba.

Wanangu, bibi yenu aliitwa Nimbona. Wadogo zake waliitwa Kankindi na Bukuru. Mama yenu ni wa nne kuchukuliwa na ugonjwa huu, naye Mungu ampumzishe kwa amani. Jumatatu mnakwenda kupimwa matiti, na daktari atawauliza watu wenu ni akina nani. Mjibu wenyewe, na mlango ukiwa wazi, uacheni wazi.