Kasha la Mwarobaini: Maisha ya Kalondu Muange, 1986–2025

Mchungaji, wazee wetu, majirani mliotoka Msambweni, Bodo na Diani, poleni nyote kwa msiba na ahsanteni kwa kuja. Maneno haya yameandikwa na Winrose Muange, dada mkubwa wa marehemu, na ndiye anayeyasoma. Humu atajitaja kwa jina kama anavyotajwa mtu mwingine, kwa sababu akisema "mimi" ataanza kujitetea, na leo hakuja kujitetea.

Kalondu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1986 katika hospitali ya Msambweni, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Muange na Mama Mwende, waliotoka Ukambani wakapata shamba hapa karibu na Ramisi. Winrose alikuwa na miaka mitatu. Alipooneshwa mdogo wake, aliuliza atarudi lini alikotoka. Mama alikisimulia kisa hicho kila Krismasi na watu wakacheka, na Winrose akacheka nao. Lakini swali lile aliliuliza kwa dhati.

Kalondu alisoma shule ya msingi hapa hapa Ramisi, kuanzia mwaka 1993 hadi 2000. Alipokuwa darasa la nne alituzwa kikombe cha enameli, cheupe chenye ukingo wa buluu. Winrose hakuwahi kutuzwa hata penseli. Wiki haijaisha, Kalondu akakigonga kikombe kwenye jiwe makusudi, mara tatu, apate kuona chini ya ile rangi kuna nini. Baba alipouliza nani kakibandua, watoto wote wawili walinyamaza. Akachapwa Winrose, maana mkubwa ndiye mlinzi wa mdogo.

Baba alikuwa mchongaji, na ufundi wake aliwagawia wote wawili. Somo la kwanza halikuwa kushika tezo wala patasi, lilikuwa kuweka ubao shavuni. Ubao ukiwa baridi bado una maji, urudishe ukaanikwe. Winrose alikuwa na mkono wa mbao. Kalondu alikuwa na mkono wa kila kitu, na hilo, ndugu zangu, ni gumu kulala nalo chumba kimoja.

Mwaka 2006 alikwenda Mombasa chuo cha ufundi, akajifunza kazi ya enameli, yaani kutandaza unga wa kioo juu ya shaba na kuuchoma tanurini hadi uyeyuke na kushika. Aliporudi mwaka 2008 alikwenda Msambweni kwa Mzee Chande Abdulwahab, mfua shaba, ambaye amekaa pale mbele na kofia yake. Kazi ikawa ya watu watatu. Mzee Chande alifua vifuniko, Kalondu alivitia rangi, Winrose alitengeneza makasha.

Tarehe 18 Agosti 2012 Kalondu alifunga ndoa na Elijah Ndeti, mpishi wa hoteli huko Diani, mtu mpole ambaye hajawahi kuchoma chakula wala kumchoma mtu kwa neno. Siku ya harusi Winrose alisema kichwa kinamuuma, akaondoka kabla ya keki. Hakikuwa kichwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, na yule wa kike Kalondu akampa jina la dada yake. Mwenye jina hakwenda kumwona mtoto kwa miezi mitatu.

Mwaka 2019 jumba moja la makumbusho Mombasa liliandaa maonyesho ya ufundi wa kisasa wa chuma, enameli na mbao, na kasha lao likachukuliwa. Winrose alishona gauni jipya. Alisimama kando ya lile kasha tangu asubuhi, na watu wote walioinama waliinamia kifuniko. Hakuna hata mmoja aliyetazama maungio ya pembeni, ambayo hayakuwa na msumari hata mmoja. Kwenye kikaratasi cha ukutani jina la Kalondu lilikuwa juu kwa herufi kubwa, na la Winrose chini, baada ya neno "mbao". Kalondu alimshika mkono akasema, "Dada, njoo tupigwe picha." Winrose alijibu kwamba viatu vinambana.

Wenyeji wa pwani wanakiita kijicho. Kwa Winrose kilikula na kulala naye miaka mitatu.

Mwaka 2022 wakaitwa tena, safari hii Nairobi, na wakaambiwa kazi itakayopendeza zaidi itabaki makumbusho daima, vizazi na vizazi waione. Kalondu alichora majani ya mikoko kwa kijani ambacho Mzee Chande alisema hajakiona tangu kuzaliwa. Winrose akaenda shambani akakata mwarobaini, mti mbichi, akautumia kutengeneza kasha mwezi huo huo. Hakukosea. Alijua kwamba mbao mbichi zikikauka hujikunja, na enameli haijui kujikunja.

Mzee Chande alimuuliza, "Mwanangu, mbao hizi umezianika?"

"Nimezianika, baba."

Kalondu alilichukua kasha akaliweka shavuni. Akalishikilia hapo kitambo, akamtazama dada yake, kisha akasema, "Zuri. Tulifunge lisafiri."

Wiki ya pili ya maonyesho kasha lilijikunja, na kifuniko kikapasuka katikati ya majani. Lilirudishwa na barua ya adabu. Kalondu akajibu kwa barua kwamba kosa ni lake, alichoma vibaya. Hawakumwita tena. Msambweni yote ikasema mkono wa Kalondu umeharibika, na Winrose akayasikia maneno hayo sokoni, akanunua samaki wake, akaenda zake.

Kwa hiyo wote mlio hapa sikieni. Mkono wa Kalondu haukuwahi kuharibika. Mzee Chande, ulidanganywa, na aliyekudanganya anakuomba radhi mbele ya watu hawa.

Mwezi Machi mwaka huu Kalondu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, ikaonekana ni saratani ya ini. Tarehe 2 Septemba, Winrose alipokuwa akimlisha uji hospitalini, alishindwa kuvumilia akamweleza yote. Kalondu alimaliza kijiko kwanza.

"Nilijua siku ile ile. Shavu liliniganda."

"Na hukusema?"

"Kile kikombe nilikibandua mimi, ukachapwa wewe. Hukunitaja." Kisha akasema, "Nitengenezee kasha jingine, dada. La mbao kavu. Nikitoka hapa nitalitia kifuniko."

Hakutoka. Alifariki tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Ameacha mume wake Elijah, watoto wake Muange na Winrose mdogo, wazazi wake Mzee Muange na Mama Mwende, mwalimu wake Mzee Chande, na dada mmoja.

Jeneza mnaloliona ni la mwembe. Mbao zake Winrose alizipanga stoo tangu lile kasha lirudi, na hakuwa na ujasiri wa kuzigusa. Juu yake amekipigilia kile kifuniko cha majani ya mikoko, na ufa wake, na jina lililoandikwa ni moja tu, la Kalondu. Kabla ya kuziunga mbao aliweka kila ubao shavuni, mmoja mmoja, vile baba alivyotufundisha, na hakuna uliokuwa baridi.

Lala, Kalondu. Mungu akupumzishe. Mbao ni kavu.