Aliyeandikwa na Breki

Kijiwe chenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matairi mawili mbele ya kibanda cha kinyozi, na asiye na la kusema hakai hapo, anasimama. Asubuhi hiyo Breki, fundi mstaafu wa karakana ya mabasi, alikaa bila kusema, kahawa yake ikapoa. Mwezi uliopita walimzika mwenzao wa karakana. Leo habari imefika kwamba marehemu mafao yake alimwandikia dada yake enzi za ujana, akaoa, akazaa, asibadilishe. Mjane kaambiwa akaonane na wifi. Habari hiyo ilimgusa Breki, maana naye hajabadilisha, na mtu aliyemwandika, Nati, alikuwa kaketi ubavuni pake, anapuliza kikombe.

— Nati, unakumbuka siku tulipoajiriwa?

— Nisiikumbuke? Karani kasema kila mtu aandike mrithi. Sisi makapera, hata mchumba hatuna. Nikakuandika wewe, ukaniandika mimi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki!

— Si twende tukabadilishe?

Nati nusura apaliwe.

— Wewe vipi! Una safari gani? Haraka haraka haina baraka.

— Haraka gani, Nati? Nina wajukuu mimi!

Kinyozi, wanayemwita Profesa kwa kuwa hakuna jambo asilolijua, alichomoza kichwa dirishani, wembe mkononi.

— Msiguse hizo karatasi! Ukibadilisha jina, faili lako linatolewa chini linawekwa juu. Na mauti, ndugu zangu, huanza na la juu.

— Umesikia? — Nati akadakia. — Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

— Mimi nimewazidi ujanja, — alisema Profesa. — Nimemwandika babu yangu, na babu kafa zamani. Malaika akija, atauliza, "Mrithi yuko wapi?" Hayupo! Itabidi arudi alikotoka akaulize afanyeje.

— Na akishajibiwa?

— Atakuta nimehama.

Wakacheka mpaka ubao ukayumba. Breki alicheka pia, lakini kicheko hakikufika moyoni. Alikuwa akimfikiria mkewe, aliyemshika mkono kumpeleka msalani kipindi alipopasuliwa macho, yakafungwa bendeji.

— Halafu hofu ya nini? — Nati aliendelea. — Ukitangulia, shemeji hatalala njaa. Nitampa.

— Utampa kiasi gani?

— Cha kumtosha.

— Na kinachomtosha atapima nani?

— Mimi! Si ndiye niliyeandikwa?

— Hamjambo, shemeji zangu.

Wote wakageuka. Alikuwa mke wa Breki, kamletea mumewe dawa ya presha aliyoisahau mezani, na chupa ya maji, maana anajua huyu bwana humezea kahawa. Alivyosimama ilionekana kasikia, tena si kidogo.

— Hatujambo, shemeji, — alisema Nati, kajikaza kutabasamu. — Umekuja saa nzuri. Mtoe mumeo wasiwasi. Akitangulia, mimi nipo.

— Ahsante, shemeji. — Alimkabidhi Breki kidonge. — Na mkitangulia wote wawili, mimi na mkeo tubishe hodi kwa nani?

Nati alivuta birika la kahawa. Akamtazama Profesa. Profesa akakumbuka kuwa ana kichwa cha watu nusu kimenyolewa, akarudi ndani. Nati alipoliinamisha birika, lilitoa matone mawili ya machicha.

Breki alimeza kidonge kwa maji. Aliona haya, haya ya kweli, mbele ya mwanamke aliyezeeka naye.

— Mama watoto, siku ile naandika, wewe hukuwepo.

— Leo nipo.

Breki akainuka, akajipangusa suruali. Wakaondoka bega kwa bega kuelekea ofisi za pensheni, na hawakuwa wamefika mbali walipomsikia Nati nyuma yao.

— Ningojeni! Mke wangu akilisikia swali hilo kabla sijafika huko, leo nalala kwenye ubao.