Mwantumu Hakupewa Kujibu

Kijiwe chetu hapa Mnyuzi ni benchi la mataruma ya reli na birika la mzee Mbaruku, na kelele zake husikika hadi ng'ambo ya stesheni. Leo asubuhi tumenyamaza kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Jana, kwenye mdahalo wa wagombea uenyekiti wa kitongoji, Mwantumu, mmoja wao, alisimama kueleza habari ya kisima atakachochimba. Bernardo, ambaye kwa domo lake tunamwita Redio, akamrushia neno kutoka nyuma: "Mume mmoja amekushinda akakimbilia Handeni, kitongoji kizima utakiweza?" Watu wakaangua kicheko. Mwantumu akashuka bila kumaliza. Nami nilicheka, tena nilishika mbavu, na tangu niamke nasikia aibu hata kumtazama mke wangu.

– Mbona mnaniangalia hivyo? Redio akaanza. Ule ni utani wa jadi, bwana. Babu yangu Mnyamwezi kaja huku kukata katani, kawakuta Wazigua, wakataniana. Mwantumu Mzigua, mimi Mnyamwezi. Kila akipita hapa si ananiuliza, "Mtumwa wangu, hujafa tu?" Nimewahi kununa?

– Hujawahi, alisema Simeo, yaani Spika, maana mikutano yote ya hapa huiendesha yeye, na jana kipaza sauti alikishika yeye.

– Basi! Tena nimemsaidia. Kiongozi lazima awe na ngozi ngumu.

– Hata kisheria uko sawa, alidakia Jabiri. Huyu tunamwita Wakili tangu alipokwenda kutoa ushahidi mahakamani Korogwe. Swali la mume ni swali la uzoefu wa kazi. Unamwomba mtu uongozi, huoneshi ulipowahi kuongoza?

– Na Ukasha je? nikamuuliza. Mpinzani wake ameacha wake wangapi?

– Huyo hajaachwa, kaacha. Huo nao ni uamuzi, na kiongozi anatakiwa aweze kuamua.

Spika akapata nguvu.

– Mimi naona serikali iweke mtihani kabisa. Mgombea aketishwe uwanjani, atukanwe kutwa. Asipolia, apewe muhuri.

– Na akilia? aliuliza Redio.

– Anatibiwa, anarudia mwakani.

– Tena matusi yatoke wizarani, Wakili akaongeza, ili nchi nzima itukanwe sawasawa, pasiwe na upendeleo.

Siku nyingine tungepigana vikumbo kwa kucheka. Leo kicheko kilitoka kidogo, kikafia palepale. Mzee Mbaruku akaweka birika jikoni.

– Hata mimi nilicheka jana, wanangu, alisema. Kahawa ilinimwagikia kanzu. Lakini nilipomzika mama, baba yako, Redio, alikuja kama mtani mbele ya jeneza akaiga kikohozi cha marehemu. Nikamjibu palepale, naye akanijibu, tukacheka na machozi yanatutoka. Ule ulikuwa utani. Sasa jana Mwantumu alikujibu nini?

Redio akamtazama Spika.

– Alinyoosha mkono, Spika alisema taratibu. Alitaka kujibu. Ila kipaza nilishampa Ukasha.

– Kwa nini?

– Watu walikuwa wanacheka, mzee. Nikaona mkutano umenoga.

Ndipo bodaboda ikasimama, akashuka Fausta, muuza mboga wa gulioni, khanga imekunjamana na macho mekundu.

– Shikamoo, mzee Mbaruku. Habari zenu, kaka zangu.

– Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?

– Hospitali, Korogwe. Mwanangu kalazwa, tumbo. Wanasema ni haya maji ya dimbwi tunayochangia na ng'ombe. Mdahalo nimeukosa, na Jumapili napiga kura. Eti, Mwantumu alisema kisima kichimbwe wapi?

Neno la Redio la jana hata watoto wanalikariri njiani. La Mwantumu nililitafuta kichwani, nikakuta kicheko changu mwenyewe.

– Alianza kusema ni upande wa... Spika akakwama.

– Ukasha alisema atachimba, Wakili akajikaza.

– Atachimba wapi?

– Hakusema.

– Mlimuuliza?

Fausta alitutazama mmoja mmoja, watu wazima wenye vikombe mkononi.

– Sasa mlikwenda kusikiliza nini?

Kabla hatujapata pa kuficha nyuso zetu, Mwantumu mwenyewe akatokea na ndoo kichwani, anatoka dimbwini.

– Si huyo? alisema Fausta. Muulizeni basi.

Redio akasimama, akavua kofia. Sote tulikuwa tunangoja lile neno la Mwantumu la kila siku. Angetuuliza kama hatujafa, angetuita watumwa wake, angetutukana na wazazi wetu, tungemshukuru.

– Shikamooni, wazee, alisema Mwantumu kwa adabu, kama anavyowaamkia watu asiowajua, akapita.

Fausta akaachana na sisi, akamkimbilia. Redio alibaki amesimama na kofia yake mkononi. Hakuna aliyeitikia marahaba.