Chupa Moja ya Watu Saba: Maisha ya Marehemu Daktari Gervase Thirkell

Marehemu Daktari Gervase Thirkell alizaliwa tarehe 3 Februari 1668 kijijini Wainthorpe, Lincolnshire, mtoto wa nne wa fundi wa matandiko ya farasi. Mama yake alisema alitoka tumboni akipiga miayo. Kama ni kweli, basi alishajua yaliyokuwa yakimngoja.

Alifundishwa kusoma na kasisi wetu wa wakati huo, kisha akaenda Leiden, Uholanzi, alikohitimu udaktari mwaka 1693. Alirudi na kikohozi na hadubini ya shaba. Waliochungulia humo waliona kiroboto mkubwa kama kondoo dume, na kila walipomsimulia alizidi kunenepa.

Kwa miaka thelathini na tano alitibu homa za mabwawani, akisafiri juu ya farasi, katika mvua na theluji. Alizoea kusinzia kwenye tandiko huku farasi wake jike, Patience, akizipitia mwenyewe nyumba zenye wagonjwa. Kwa mzee Tuxford farasi huyo alisimama mlangoni siku mbili kabla mzee hajaugua. Watu walimpelekea mkojo kwenye chupa autazame dirishani na kutaja ugonjwa. Yeye aliwasihi wamwite amwone mgonjwa mwenyewe. Hawakumsikia.

Tarehe 12 Mei 1696 alimwoa Dorcas Pell. Walipata watoto watatu. Ndui iliwachukua wawili mwaka 1709. Tangu hapo Bi. Dorcas alimwomba jambo moja tu: akitimiza miaka sitini, ashuke kwenye farasi asipande tena. Akaahidi.

Siku hiyo ilifika Februari hii. Viatu vyake vya safari vilishafungiwa kabatini, na nyama ya kondoo ilikuwa mezani, Noll Gathercole mchukuzi alipogonga na chupa kutoka kwa akina Odling wa Cold Drove. Daktari akaiinua dirishani, akauliza ni ya nani.

"Ya wote, Daktari. Wanaumwa nyumba nzima na chupa wanayo moja. Wakaona wachanganye, wasikusumbue mara saba."

Hata Bi. Dorcas alicheka. Kisha akamwona mumewe anafungua kabati.

"Uliahidi, mume wangu. Si ujibu tu hapo dirishani, kama wenzako?"

"Nijibu nini, Dorcas? Humu mna watu saba."

Alikaa nao siku kumi na moja, akiwanywesha uji kwa mkono wake. Watano walipona. Alirudi na homa yao, na Bi. Dorcas akamvua viatu. Alifariki tarehe 27 Februari 1728, saa nne asubuhi, akiwa usingizini. Ndio usingizi pekee ambao hakuna aliyekuja kuukatiza.

Ameacha mkewe Dorcas, binti yake Lettice, dada yake mkubwa Tabitha, na farasi wake Patience, ambaye tangu jana hajala shayiri. Akina Odling watano wako hapa mazishini, wamekuja kwa miguu yao.

Nawe uliyesimama nyuma na chupa chini ya shali, tumekuona. Irudishe nyumbani, mama. Daktari ameshuka kwenye farasi. Mwacheni alale kwa amani.