Picha Mpya ya Fundi Lifti

Risala ya Kikundi cha Alhamisi kwa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kitengo cha Maombi ya Wafanyakazi Wenye Ujuzi. Maofisa mlioongozana naye. Mwenye jengo uliyetuazima chumba. Ndugu wanakikundi, mliopata vibali vya kuishi nchini na tunaovisubiri:

KARIBU

Tunakushukuru kwa kuacha mapumziko yako ya Jumamosi ukaja kwetu. Tunajua meza yako haina hata nafasi ya kuweka kikombe, na baadhi ya mafaili yaliyoijaza ni ya kwetu, kwa hiyo tunakupa pole huku tukijua tumechangia. Miaka yote hii tulikufahamu kama sahihi chini ya barua. Leo tumekuona una miwani, una kicheko, na chai yetu umeimaliza. Tumefarijika mno.

Umefika ghorofa ya nne kwa lifti, na haikukwama. Tafadhali ikumbuke hiyo lifti. Tutairudia.

HISTORIA YETU

Kikundi kilianza na watu watatu kwenye benchi lililo mbele ya dirisha namba sita, ofisini kwenu: muuguzi, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, mwokaji mikate, na fundi wa lifti, ambaye sote tunamwita Fundi Lifti. Tulikwenda na swali moja, tukarudi na jibu moja: "Ombi linashughulikiwa."

Mwokaji akamgeukia Fundi. "Kaka, wewe una muda gani?"

"Miezi minne."

"Maskini wee!" tukasema, tukamwonea huruma kweli kweli. Leo ana miezi ishirini na sita, na sisi tumo humo humo nyuma yake.

Siku zile tulikuwa wagonjwa wa simu, hakuna neno jingine. Muuguzi alichungulia ukurasa wa ombi lake katikati ya zamu. Mwokaji alichungulia mikono ikiwa na unga, mpaka simu ikaanza kutoa unga kwenye spika. Fundi Lifti alikuwa akichungulia akiwa amesimama juu ya paa la lifti, nyaya zimemzunguka. Siku moja nusura ateleze. Jioni ile akatuambia, "Jamani, tukienda hivi tutarukwa na akili kabla ya vibali kufika. Tufungue mara moja kwa wiki, na afungue mtu mmoja kwa niaba ya wote."

Ndiyo asili ya jina letu. Kila Alhamisi saa nne asubuhi msomaji wa zamu huchukua daftari lenye namba zetu, hufungua ukurasa wa kila mmoja na kusoma kwa sauti. Siku nyingine ni marufuku. Msomaji mwenyewe hafungui wa kwake. Husomewa na mwenzake Alhamisi inayofuata. Sheria hiyo tuliiweka baada ya mwokaji kuanza na wa kwake, akakuta ombi halijasogea, akalia mpaka hakuna mwingine aliyesomewa siku ile. Anasema hakulia. Alilia.

MAFANIKIO

Tuko kumi na tisa. Saba wamepata vibali, na hata mmoja hajaacha kuja Alhamisi. Kwa hao saba, Mheshimiwa, ahsante sana. Tunamshukuru pia dada wa dirisha namba sita, ambaye hatujawahi kumsikia akipandisha sauti, na siku za mvua hutuambia tuingie ndani hata kama zamu yetu haijafika. Tunalala usingizi. Tunafanya kazi zetu vizuri. Hii nchi imetupa kazi na majirani, na tunapoomba kibali tunaomba kubaki mahali tunapopapenda.

CHANGAMOTO

Sheria inasema anayesubiri asitoke nje ya nchi. Akitoka, ombi limekufa. Tunaielewa, na hatuibishii.

Lakini Fundi Lifti ana binti mmoja tu, yuko nyumbani kwao, na amechumbiwa. Binti amesema haolewi baba yake akiwa kwenye skrini ya simu. Harusi imeahirishwa mara mbili. Mara ya pili mkwe mtarajiwa alipiga simu Alhamisi, tukiwa wote, akasema, "Baba, naona na mimi ni mwombaji sasa. Basi nipeni namba yangu nijue niko wa ngapi." Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho kwa mkono wa ovaroli, na alifuta muda mrefu. Harusi sasa ni Jumamosi ya nne kuanzia leo, na binti ameapa haisogezi tena.

Hapa, Mheshimiwa, tunaungama.

Ijumaa moja taarifa iliwekwa kwenye ukurasa wa Fundi: picha yake imepitwa na wakati, alete mpya ndani ya siku kumi na nne, ndipo kibali kitolewe. Alhamisi iliyofuata zamu ya kusoma ilikuwa yake. Akatusomea sote, wa kwake akauacha, kama sheria yetu inavyotaka. Alhamisi ya pili hatukukutana kabisa. Tulikuwa tunapaka rangi huo ukuta ulio nyuma yako na kugombana juu ya maneno ya risala hii. Tulisema, "Wiki moja tu, kutatokea nini?"

Juzi tukafungua. Muda ulikuwa umepita kwa siku sita, na chini pameandikwa: "Ombi linasubiri kufungwa."

MAOMBI

Tulikuwa na maombi matatu: benchi la pili, kivuli, na bomba la maji pale nje. Tumeyakata yote kwa kalamu nyekundu; utayaona kwenye nakala yako. Tumebaki na moja.

Fundi alitukataza. "Msimsumbue mgeni wa watu," alisema, akiangalia sakafu. "Mwenye kuacha ukurasa wake ni mimi. Nitaanza upya." Leo alifika hapa saa kumi na mbili asubuhi, akaikagua lifti kamba kwa kamba ili upande salama, bila kutaka lolote. Hajui kwamba tumemwandika. Anasikia sasa hivi, sawa na wewe. Ni yule pale mlangoni mwenye ovaroli ya buluu, anayetukunjia uso. Tusamehe, kaka. Safari hii hatukukutii.

Mheshimiwa, yeye alifuata sheria mbili, yenu na yetu. Iliyomponza ni yetu, na tumeshaibadilisha. Tunaomba upokee picha yake, iliyochelewa siku nane, kabla faili halijafungwa. Nakala yake tumeichukua bila yeye kujua, iko kwenye bahasha hii. Aliipiga jana kwa ajili ya ombi jipya, akamtumia binti yake kwanza, na binti akauliza, "Baba, mbona umenuna hivi?"

Hacheki kwa sababu masharti yenu yanakataza kucheka. Tunaomba wewe umpe ruhusa.

Mungu akufikishe kwako salama, ayape macho yako nguvu kwa mafaili yaliyobaki, na nyumba yako isikose mtu wa kusubiriwa anayefika.

Ni sisi,
Kikundi cha Alhamisi