Kaburi la Miguu Miwili

— Elfu tano, la sivyo mzee wenu halali kaburini leo!

Bakari Traore, ambaye Segou nzima humwita Tarumbeta, alikuwa amelikalia jembe la wachimba kaburi kwenye benchi la fundi baiskeli, birika la chai likitokota juu ya makaa. Watani hawana haya. Mtraore kuzuia maiti ya Mdiarra mpaka apozwe kwa hela ni haki ya tangu mababu, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Nci Diarra, mwana wa marehemu, alilijua hilo, akacheka kwa meno tu. Mfukoni alikuwa na mia nne. Baba yake alikuwa ndani, ndani ya sanda.

— Mla maharage wewe, kama Watraore wote! Baba kampigania Mfaransa Moroko, kampigania Indochina, na pensheni yake haikutosha viatu. Elfu tano nitoe wapi?

— Kiatu, akasahihisha Brigadia, fundi mwenyewe, ambaye hajawahi kushika bunduki. Mguu mmoja ulibaki Indochina. Mfaransa ana mizani, bwana: nusu mtu, nusu malipo. Mwenda pole hajikwai.

— Mizani wapi! Nci akadakia. Wanalipa kwa kipimo cha baridi. Mzee wa Paris anatetemeka, basi apewe hela ya makaa. Sisi jua tunalo bure, tukatwe!

Brigadia akacheka hadi akakohoa.

— Tena nyinyi ndio wadaiwa, Tarumbeta akapandisha sauti. Mzungu alimtaka baba yangu jeshini. Babu, kwa kuwa ndiye chifu, akamtoa Ngolo wenu, huyu marehemu, badala yake, akaandikwa kwa jina la baba. Miaka kumi na mitano kavaa jina letu hadi likachakaa! Kodi ya jina, elfu kumi!

Utani huo Ngolo aliujibu kila Ijumaa, hapohapo benchini, kwa kugonga gongo lake chini. Nci akajikuta anausubiri ule mlio. Haukuja.

Shangazi Niele, dada wa marehemu, akatoka uani, macho makavu.

— Bakari mwanangu, babako, yule aliyetakiwa kwenda, alizikwa na miguu mingapi?

Brigadia akainamisha birika. Yakatoka majani matupu. Tarumbeta akapapasa mfukoni, akatoa noti.

— Shangazi, nilikuwa natania tu.

— Najua. Rudisha hela yako mfukoni.

Nci akamshika Tarumbeta mkono, akamwinua, akamkabidhi jembe.

— Utachimba wewe. Na uchimbe la kutosha miguu miwili.