Emiliana Kokubanza, Mtangazaji wa Tatu wa Besiboli ya Wiki

Baba Paroko, wafiwa wenzetu, majirani wa Al Qusais na ninyi mliofika kutoka Deira, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niyasome maisha ya dada yetu kabla hajasafirishwa kwenda nyumbani, nami nitayasoma kama alivyotaka mwenyewe, bila kuficha kitu.

Emiliana Kokubanza alizaliwa tarehe 14 Juni 1980 Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Anselmi na Mama Yuliana, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1988 hadi 1994, akamaliza kidato cha nne Bukoba mwaka 1998, kisha akachukua mafunzo ya hoteli Mwanza, na tayari alikuwa mtu ambaye akishasema lake, hata mama hakujisumbua kubishana naye.

Tarehe 3 Februari 2006 aliingia Dubai kupokea wageni katika hoteli moja ya Al Rigga, ambako marubani wa ndege za mizigo walitazama besiboli ukumbini kila asubuhi, naye, kwa kuchoka kuona watu wazima wakirukaruka kwa jambo asilolielewa, akajifunza mchezo ule mpaka marubani wakawa wanamuuliza yeye matokeo.

Ujuzi huo ulimpeleka, Septemba 2009, kwenye kituo kidogo cha televisheni ya Kiswahili hapa Al Qusais, akawa mtayarishaji wa Besiboli ya Wiki, kipindi cha kila Jumamosi cha mapigo na marusho bora. Mtangazaji wa kwanza, Bwana Hashir wa Mombasa, alikishika hadi 2013, mkataba ukaisha, viza ikafutwa, akaondoka bila mtazamaji kuambiwa neno, Jumamosi iliyofuata kiti kikakaliwa na Bi Najla wa Unguja, simu zikamiminika zikiuliza Hashir yuko wapi, uvumi ukakua hadi watu wakaenda kwa shangazi yake Kisauni na mchele na sukari ya matanga, wakafunguliwa mlango na Hashir mwenyewe, taulo begani. Sisi tulicheka sana, lakini Emiliana, aliyezipokea simu zile, hakucheka. Bi Najla naye akaondoka hivyo hivyo, bosi wa kituo akasema khalas, yaani basi, aliyeondoka ameondoka, na dada alipopewa kiti tarehe 5 Mei 2018 aliapa kwamba yeye hataondoka kimyakimya.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Henry tarehe 20 Agosti 2011 kanisani Oud Metha, wakajaliwa binti mmoja, Fortunate, aliyezaliwa tarehe 9 Januari 2014, ambaye aliijua besiboli kabla ya kujua kusoma.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, kituo kikamwandaa Bi Kulusumu wa Tanga ashike nafasi yake, naye akamfundisha kazi mwenyewe akiwa kitandani, bila kinyongo, ila uongozi uliamua kwamba haifai watazamaji wamwone mgonjwa, apumzike tu, mwenzake aanze. Jumamosi tarehe 8 Machi 2025 aliomba ruhusa ya kutoka hospitalini kwa saa tatu, akavaa gauni lake la njano, sindano ya dripu ikiwa bado mkononi, akapanda metro na Henry kwa kuogopa foleni, akakaa kwenye kiti zikiwa zimebaki dakika tano kipindi kiruke hewani, akamwambia bosi kwa heshima zote, sir, naomba dakika mbili, na bila hizo sinyanyuki.

Akapewa. Dakika ya kwanza hakuitumia kwa ajili yake, alisema Hashir yu hai na anauza vipuri Mombasa, Najla yu hai na anafundisha chekechea Unguja, waliondoka kwa sababu mikataba iliisha, na wote wawili walitamani kuaga, kisha akasema yeye anaumwa, hatapona, hatarudi, akamshika Kulusumu mkono, akamkalisha.

Alifariki dunia Alhamisi tarehe 27 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minne, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyempa zile saa tatu, majirani mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, na bosi, ambaye yupo hapa na alikubali. Tangu Alhamisi simu za kituo hazijakoma, na Bi Kulusumu anayezipokea anasema hakuna hata mmoja aliyeuliza Emiliana yuko wapi, wote wanatoa pole.

Dada, wamekusikia. Pumzika kwa amani.